Choa si aibu, na dawa yake si ya bei kali: tuache pomadi za mchanganyiko



Katika gazeti yetu tumezoea kuongea juu ya mbegu, maji, mbolea na bei ya mpunga. Mara hii tunapenda kuongea juu ya ngozi ya yule anayelima. Wengine watasema: sasa ninyi maagronomu mumeacha shamba na kuingia kazi ya waganga? Hapana. Kazi ya waganga tunawaachia waganga. Lakini sisi ndio tunaozunguka na ninyi katika mitaro ya Sange, Luberizi na Kiringye, na upande wa ziwa kutoka Kalundu kuteremka mpaka Makobola na Mboko. Tunaona watu wanavyojikuna wakati wa mkutano. Tunaona vidole vya miguu vyeupe, vimepasuka, vinanuka. Tunaona watoto wenye duara kichwani. Na tunaona kitu kingine kinachotuumiza zaidi: pesa ambayo familia inatupa kila msimu katika dawa ambayo haiponyeshi, na pengine inaongeza ugonjwa.

Msimamo wetu ni huu: choa ni ugonjwa wa kazi yetu, dawa yake ya kweli iko na ni ya bei ndogo, na ile inayotumaliza pesa ni pomadi ya mchanganyiko pamoja na tabia ya kuacha dawa kabla ya wakati. Hayo mawili koperative inaweza kuyapunguza yenyewe, bila kungoja mradi.

Tumjue adui kwanza

Choa inaletwa na kuvu, ile wengi wanaita shampinyo. Kuvu munaijua vizuri kuliko watu wa mjini. Munajua ile inayokula majani ya mpunga na kukausha shingo ya suke, ile tunayoita pirikulariozi. Munajua kutu ya maharagwe, na munajua mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa bado na maji yanavyoota vumbi ya kijani. Kila mara kuvu inatafuta mambo yaleyale: unyevu, joto na mahali ambapo hewa haipiti.

Sasa tazama mwili wa mtu aliyesimama ndani ya maji tangu asubuhi akipandikiza mpunga, amevaa bote za mpira, nguo imelowa jasho na matope. Katikati ya vidole vya mguu kuna unyevu, joto, na hakuna hewa. Kwenye kinena na chini ya maziwa ya mama ni vilevile. Mvuvi anayerudi ziwani na nguo imelowa, akakaa nayo mpaka ndagala zianikwe, yuko katika hali ileile. Kwa hiyo tuseme wazi: choa haimaanishi kwamba mtu ni mchafu, na haimaanishi kwamba amerogwa au ametembea ovyo. Mtu safi kabisa anaipata kama kazi yake inamlowesha kila siku.

Alama zake si ngumu. Mwilini, choa inaanza kama kijipele, halafu inapanuka kuwa duara. Ukingo wa duara umeinuka kidogo, una magamba madogo na unawasha, na katikati ngozi inaonekana kama inaanza kupona. Katikati ya vidole vya mguu, ngozi inakuwa nyeupe kama imepikwa, inabanduka, inapasuka na kunuka. Kwenye kinena inashuka juu ya mapaja pande zote mbili. Kuna aina ingine inayotoa mabaka mepesi au ya rangi nzito kifuani, mgongoni na shingoni, yenye unga mwembamba ukikwaruza kwa ukucha, na haiwashi sana. Hiyo nayo ni kuvu, lakini haiambukizi kama zile zingine.

Tena tukumbuke mifugo. Ng'ombe, zaidi ndama, wanapata choa yao: mabaka ya kijivu, makavu kama maganda, kuzunguka macho na shingoni. Inapita kutoka ndama kwenda kwa mtoto anayemchunga au mama anayekamua. Wenye kufuga katika bonde la Ruzizi wasishangae kuona mkono wa mtoto una duara wiki chache baada ya ndama.

Pomadi inayodanganya

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Mtu ana choa, anawashwa usiku, hapati usingizi, na kesho kuna kupalilia. Anaenda sokoni au kwenye famasi ya pembeni, anaonyesha mkono, anapewa tyubu. Kwenye tyubu kuna maandishi madogo: dawa ya kuvu, dawa ya bakteria, na juu yake betametazoni, klobetazoli au deksametazoni. Muuzaji anasema hii ni kali, inatibu yote.

Na kweli, siku mbili au tatu muwasho unapungua. Ngozi inatulia, wekundu unaondoka. Mtu anafurahi, anamwambia jirani. Lakini betametazoni na ndugu zake si dawa ya kuvu. Kazi yao ni kutuliza mwili usipigane. Wekundu na muwasho ni alama kwamba mwili unapigana na adui. Ukiuamuru mwili ulale, adui anabaki shambani peke yake. Kuvu inaendelea kutambaa chini kwa chini, na duara inapoteza sura yake mpaka hata muuguzi anapata shida kuitambua. Mtu akiacha ile pomadi, muwasho unarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Anarudi kununua tyubu ya pili, ya tatu, ya nne. Ikiendelea miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inapata mistari kama ya mimba kwenye mapaja na makwapa, na uso unaota vipele.

Hizo klobetazoli na betametazoni ziko pia katika pomadi nyingi za kung'arisha ngozi zinazouzwa sokoni. Kwa hiyo kuna watu wanaopaka dawa hiyo kila siku bila kujua, na wakipata choa inaenea mwili mzima.

Jambo hili si la Uvira peke yake. Uhindi, tangu miaka ya 2010, madaktari wa ngozi wameona choa ikienea kwa wingi na kukataa dawa za kawaida. Kuvu yenyewe ilipewa jina jipya mwaka 2020, Trichophyton indotineae, na imeshafika Ulaya na Marekani. Kati ya sababu zinazotajwa ni hizi pomadi za mchanganyiko zinazouzwa ovyo bila ordonansi. Ninyi mumeshaona wadudu wa shambani wanaozoea dawa kwa sababu watu walipuliza nusu ya kipimo. Kuvu ya ngozi nayo inajua kuzoea. Tusipoangalia, hata ile dawa ya bei ndogo tuliyo nayo leo itakuja kushindwa.

Hatumlaumu mama aliyenunua ile tyubu. Mtu anayewashwa usiku anatafuta usingizi, hana nafasi ya kusoma maandishi madogo tena ya Kifaransa au Kiingereza. Ndiyo sababu tunaona ni kazi ya kundi, si ya mtu mmoja mmoja.

Vitu vingine vya kuacha

Kuna watu wanaopaka maji ya betri, petroli, au dawa ya kufulia nguo. Hivyo vinachoma ngozi, na kidonda cha kuchomeka kinaingiza vijidudu vingine. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa juu ya ngozi nacho kinaweza kuchoma mpaka malengelenge. Wengine wanafungua kapsili ya antibiotiki na kunyunyiza ule unga. Antibiotiki ni ya bakteria, kuvu haiigusi. Ni sawa na kupulizia dawa ya kuvu juu ya muhogo wenye mozaiki: mozaiki ni virusi, utamaliza dawa na muhogo utabaki vilevile.

Na hili tunalisema kwa nguvu, kwa sababu linatuhusu sisi maagronomu: dawa ya kuvu ya shambani si dawa ya ngozi. Mankozebe munayopulizia nyanya ni sumu, imetengenezwa kwa majani na si kwa mtu. Kila wakati tunafundisha kuvaa kinga mukiipuliza, kunawa mkirudi, na kuitenga mbali na watoto. Basi mtu asijipake, wala asimpake mtoto kichwani, hata kidogo, hata ikichanganywa na mafuta ya mawese.

Majani je? Wengi munaijua ile mmea yenye maua ya njano yaliyosimama wima kama mshumaa, inayoota pembeni ya njia na kando ya maji. Waganga wa kienyeji wanapondaponda majani yake kwa ajili ya choa, na Kifaransa jina lake lenyewe, dartrier, linatoka kwenye ugonjwa wa ngozi. Si uongo, majani yale yana vitu vinavyopigana na kuvu. Shida yake ni kipimo: jani la leo na jani la mwezi ujao hayana nguvu sawa, na hakuna anayeweza kukuhakikishia. Anayetaka kuyatumia kwa sababu hana kitu kingine, atumie majani mabichi yaliyooshwa na maji safi, ajaribu mahali padogo kwanza, na aache kama panachoma. Asipake kwenye kidonda, wala asimnyweshe mtu, kwa sababu yanaharisha sana. Wiki mbili zikipita bila badiliko, aende kwenye dawa ya famasi.

Dawa ya kweli, na jinsi ya kuitumia

Kwa choa ya mwilini, ya kinena na ya miguu, dawa ni pomadi yenye kitu kimoja tu: klotrimazoli, au mikonazoli. Hizo dawa ni za siku nyingi, si dawa za kifahari. Mikonazoli iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, ile orodha ya dawa ambazo kila nchi inapaswa kuwa nazo kwa bei ambayo watu wanaweza. Iko pia ingine ya zamani zaidi, pomadi ya Whitfield, iliyoanza Uingereza mwanzoni mwa karne iliyopita: asidi benzoiki sehemu 6 kwa mia na asidi salisiliki sehemu 3 kwa mia. Famasia anayejua kazi anaweza kuichanganya mwenyewe. Hiyo ni nzuri kwa mwili na kwa ngozi nene ya miguu, lakini isipakwe kwenye uso, kwenye kinena wala mahali palipochubuka, maana inachoma.

Namna ya kutumia ni hii:

Kwanza, osha mahali pale kwa maji safi na sabuni ya kawaida, na usuuze vizuri. Hapana kusugua na jiwe.

Pili, kausha kabisa. Tumia kitambaa chako peke yako, na katikati ya vidole pitisha kitambaa kidole kwa kidole. Ukiweza, kaa dakika kumi miguu ikipata hewa. Kupaka dawa juu ya unyevu ni kupoteza dawa.

Tatu, paka kidogo, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Anza nje ya duara, upana wa vidole viwili kupita ukingo, halafu ingia katikati. Kuvu iko zaidi kwenye ukingo na imeshapita mahali unapoona kwa macho. Nawa mikono ukimaliza.

Nne, endelea wiki mbili mpaka nne, na baada ya ngozi kuonekana imepona ongeza wiki moja au mbili tena. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Siku ya nane muwasho umekwisha, tyubu inawekwa juu ya kabati, na mwezi ujao choa imerudi. Halafu tunasema dawa ilikuwa ya uongo. Dawa haikuwa ya uongo. Mkulima anayepalilia nusu ya shamba hashangai kuona magugu yamerudi.

Tano, tibu nyumba nzima kwa pamoja. Kama baba ana choa ya kinena na mama anayo pia, mmoja akijitibu peke yake watarudishiana. Nguo za ndani, taulo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto kama kuni zinatosha, zianikwe kwenye jua kali upande wa ndani ukiwa nje, na zipigwe pasi kama iko. Mtu asiazime mwenzake kitana, kofia, taulo wala bote. Bote zikitoka shambani ziondolewe maji, zigeuzwe mdomo chini mpaka zikauke. Mwenye jozi mbili za soksi avae moja, ingine ikauke.

Yale mabaka ya kifuani na mgongoni yasiyowasha sana, nayo yanakubali klotrimazoli au shampuu ya ketokonazoli. Lakini rangi ya ngozi inakawia kurudi, inaweza kuchukua miezi hata kama kuvu imeshakufa. Usinunue dawa ingine kwa sababu ya rangi peke yake. Angalia unga: kama ukikwaruza hakuna unga tena, subiri.

Mahali ambapo pomadi haitoshi

Tusidanganyane kwamba kila kitu kinatibiwa nyumbani. Choa ya kichwa ya mtoto, ile yenye mabaka yaliyokatika nywele, pomadi haiiponyeshi, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya mzizi wa nywele. Mtoto anahitaji vidonge au dawa ya maji ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa kipimo cha uzito wake, wiki sita mpaka nane na pengine zaidi. Muuguzi ndiye anayepima. Kucha zilizoharibika na kuvu nazo ni hivyo, pomadi haifiki ndani.

Mtu asijinunulie vidonge vya ketokonazoli sokoni. Vinaweza kuharibu ini. Mwaka 2013 Ulaya iliamua kuviondoa sokoni, na Marekani ikavifunga kwa magonjwa mazito tu. Tunasema vidonge, si pomadi wala shampuu.

Tena si kila baka ni choa. Hapa tunaomba kila kiongozi wa koperative asome polepole na kuwaeleza wengine.

Baka lisilowasha, na ukiligusa kwa unyoya au pamba mtu hasikii, linaweza kuwa ukoma. Ukoma bado uko katika nchi yetu. Dawa yake ni bure, inaponyesha kabisa, na mtu aliyeanza mapema habaki na kilema. Aliyepaka pomadi mwaka mzima juu ya baka lisilosikia anapoteza vidole ambavyo vingeokolewa.

Muwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole vya mikono na kwenye viungo vya mkono, na nyumba nzima inajikuna: huo ni upele wa mdudu. Dawa ya kuvu haimuui.

Homa, matezi kuvimba shingoni au kwenye kinena, halafu vipele vyenye maji au usaha usoni, mikononi, kwenye nyayo au sehemu za siri: hiyo inaweza kuwa mpox. Jimbo letu la Kivu ya Kusini linaijua. Aina mpya ya mpox ilionekana kwanza Kamituga, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari kwa dunia nzima. Mtu wa namna hiyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo, asigusane na wengine, na wasimcheke. Kwa upande mwingine, tangu mpox ifike, mtu mwenye duara ya choa anaweza kukimbiwa kwenye mkutano kama mgonjwa wa mpox. Choa haina homa, haina usaha, na inakua polepole. Tujue tofauti ili tusimfukuze asiyestahili na tusimfiche anayestahili kutibiwa.

Aende pia kwa muuguzi yule ambaye amepaka dawa sahihi wiki nne bila kupona, yule ambaye mguu umevimba na unauma, mwenye ugonjwa wa sukari aliyepasuka vidole vya mguu, na yule ambaye choa imemfunika mwili mzima bila sababu. Huyu wa mwisho mwili wake unaweza kuwa dhaifu kwa sababu ingine, na ni vizuri apimwe.

Kwa nini tunaileta kwenye koperative

Tumesikia neno hili: koperative yetu ni ya mpunga, si ya ngozi. Tunalielewa. Koperative ikijishughulisha na kila kitu, mwishowe haifanyi kitu. Lakini hesabuni wenyewe. Wakati wa kupandikiza, mama ambaye miguu imepasuka anakosa siku mbili, tatu. Miche inazeeka kitaluni. Maji yana zamu, na zamu haimngojei. Anaajiri mtu, au anapanda akiwa amechelewa, na mavuno yanapungua. Hiyo ni hasara ya mpunga. Tunatumia saa nyingi kubishana juu ya bei ya mbolea, na ni vizuri, lakini mguu wa mkulima ndio chombo cha kwanza cha shamba na hatujawahi kuuweka kwenye ajenda.

Wengine wametuuliza kwa nini shirika lisigawe tyubu bure. Maoni yetu ni kwamba hapana. Tyubu za bure zinafika mara moja, zinagombaniwa, wanaopata si wenye choa, na mradi ukiisha hakuna tena. Wakati wa msiba kama mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ulipotoka kitandani mwake na watu wakapoteza nyumba, kugawa bure ni haki na ni lazima. Lakini choa inakuja kila msimu, na kitu cha kila msimu kinahitaji mpango wa kila msimu, kama mbegu.

Mpango tunaoupendekeza si mgumu.

Kabla ya kupandikiza, koperative imwalike muuguzi wa kituo cha afya cha karibu kwenye mkutano mmoja. Kanda za afya za Uvira, Ruzizi, Lemera, Nundu na Fizi zina vituo vyake, na vingi viko kwenye barabara tunayopita kila siku. Aonyeshe choa, ukoma, upele na mpox kwa picha, nusu saa inatosha.

Wenye kuhitaji wajiandikishe, wachange, na mtu mmoja mwaminifu anunue kwa pamoja kwenye famasi inayojulikana, pomadi ya klotrimazoli au mikonazoli peke yake. Kununua kwa pamoja kunawapa nguvu ya kuomba bei, kama munavyofanya na mbolea. Mnunuzi asome maandishi ya tyubu. Akiona betametazoni, klobetazoli, deksametazoni, au neno lolote linaloishia na "-metazoni" au "-betazoli", airudishe. Kwa Kifaransa angalieni maneno yanayomalizika na "-méthasone" na "-bétasol". Aangalie pia tarehe ya mwisho, na kama tyubu imekaa kwenye jua la soko asiichukue.

Wanaojificha kwa sababu choa iko kwenye kinena wasilazimishwe kujieleza mbele ya watu. Mama mmoja aandikishe ba mama, baba mmoja aandikishe ba baba. Aibu imewafanya wengi kununua gizani, na gizani ndipo pomadi ya mchanganyiko inapouzwa.

Pembeni ya shamba la pamoja, wekeni benchi, ndoo ya maji safi yenye kifuniko, na sabuni. Mtu akitoka majini aoshe miguu, akae akauke kabla ya kuvaa. Maji ya mtaro na ya ziwa yasitumike kuoshea ngozi iliyopasuka, na ninyi wa Uvira munajua zaidi ya wengine kwamba maji yasiyo safi yanaleta pia kipindupindu.

Mwenye ndama mwenye mabaka amtenge, na anayemgusa anawe kwa sabuni.

Hatuahidi kwamba choa itaisha katika bonde. Watu watazidi kusimama majini, maana mpunga unataka maji. Lakini mtu hana haja ya kuuza debe la mpunga kununua tyubu tano za kudanganywa wakati moja ya kweli, ikitumiwa mpaka mwisho, ingemtosha. Katika mikutano ya matayarisho ya msimu tutakuja na tyubu mbili mkononi, ya kitu kimoja na ya mchanganyiko, tuzisome pamoja. Mwenye tyubu nyumbani ambayo haijui, aje nayo tuisome.